Mbio za njiwa: Anayefika wa kwanza si lazima awe mshindi

Mfugaji wa njiwa mjini Baraka anajua jambo moja bila kufundishwa na mtu: ukimuuza njiwa wako kule Mboko, na mnunuzi akamfungulia kabla hajazoea banda jipya, usishangae kumkuta asubuhi juu ya bati lako. Mnunuzi naye atafuata nyuma, akidai pesa zake.

Tabia hiyo ya kurudi nyumbani, ambayo kwetu huzaa ugomvi mdogo wa majirani, kwingineko imezaa mchezo wenye sheria, saa maalumu, minada na mahakama. Makao yake makuu ni nchi tunayoijua vizuri kwa sababu nyingine: Ubelgiji.

Mwaka 1886, mwaka mmoja baada ya kuifanya Kongo mali yake binafsi, Mfalme Leopold wa Pili aliipa familia ya kifalme ya Uingereza zawadi ya njiwa wa mbio. Ndivyo lilivyoanza banda la njiwa la kifalme huko Sandringham. Hata hivyo, mchezo wenyewe haukubaki wa wafalme. Kaskazini mwa Ufaransa, Ubelgiji na Uingereza uliota mizizi kwa wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwandani, watu wasioweza kununua farasi lakini waliokuwa na nafasi ya banda dogo nyuma ya nyumba.

Je, mchezo huo ni wa haki? Ili kujibu, kwanza tuone unavyokwenda.

Mbio zisizo na mstari wa mwisho

Kinda la njiwa huvishwa pete yenye namba mguuni likiwa na umri wa siku chache tu. Mguu ukikua, pete haitoki tena. Hicho ndicho kitambulisho chake cha maisha.

Usiku wa kabla ya mbio, wafugaji hupeleka njiwa wao kwenye chama, wakaandikishwa na kufungiwa katika vikapu. Lori huwabeba hadi mahali pa kuachiliwa, na milango yote hufunguliwa kwa mara moja. Kila ndege huelekea kwao. Anapotua bandani, chipu iliyo mguuni husomwa na kifaa cha mlangoni na saa huandikwa papo hapo. Zamani mfugaji alivua pete ya mpira na kuitumbukiza katika saa iliyofungwa kwa lakiri.

Ugumu uko hapa: mahali pa kuanzia ni pamoja, lakini kila njiwa ana mwisho wake. Kwa hiyo haishindi saa ya kufika, bali mwendo. Umbali kutoka mahali pa kuachiliwa hadi kwenye kila banda hupimwa kwa mita, kisha hugawanywa kwa dakika alizotumia ndege.

Tuchukue mfano wa kubuni wa hapa kwetu. Njiwa wanaachiliwa Uvira saa moja asubuhi. Kwa mstari ulionyooka, tuseme banda la Baraka liko kilomita 78 na la Fizi kilomita 102. Njiwa wa Baraka anatua baada ya dakika 65: mwendo wake ni mita 1,200 kwa dakika. Yule wa Fizi anatua baada ya dakika 84: mwendo wake ni kama mita 1,214. Njiwa wa Fizi amefika dakika 19 baadaye, lakini yeye ndiye mshindi.

Upepo hausomi sheria

Hesabu hiyo inaondoa tofauti ya umbali. Haiondoi tofauti ya njia.

Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huvuma sana juu ya Ziwa Tanganyika. Njiwa anayetoka Uvira kuja kwetu angepambana nao usoni njia nzima. Kadiri safari inavyorefuka ndivyo uchovu unavyozidi na mwendo unavyopungua, hivyo siku kama hiyo banda la karibu hupata nafuu. Upepo ukigeuka na kusukuma kutoka nyuma, nafuu huhamia kwa banda la mbali.

Kisha mfikirie mfugaji wa rasi ya Ubwari. Ramani inampa mstari ulionyooka juu ya maji, lakini njiwa wengi hukwepa kuvuka maji mapana. Ndege wake huenda akafuata pwani hadi Baraka, halafu akavuka Ghuba ya Burton. Ameruka njia ndefu, ila atahesabiwa ile fupi. Hakuna aliyemwibia, na bado ameonewa.

Wafugaji wa Ulaya hulalamika hivyo hivyo. Katika mbio za Barcelona, ambapo njiwa huachiliwa Hispania na wengi wao kurudi Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, safari ambayo kwa wengi huzidi kilomita 1,000, mwelekeo wa upepo unaweza kuwapendelea wa mashariki au wa magharibi.

Dawa mojawapo ya tatizo hili ni banda moja. Wafugaji hupeleka makinda yao mahali pamoja, yakalelewa, yakalishwa na kufunzwa na mikono ileile, kisha yote yakarudi kwenye mlango uleule. Mbio za aina hiyo zimewahi kuvuta wafugaji wa nchi nyingi kwenda Afrika Kusini.

Pesa zilipoingia

Novemba 2020 njiwa jike wa Ubelgiji aitwaye New Kim alinunuliwa na tajiri wa China kwa yuro milioni 1.6. Mwaka mmoja kabla, dume aitwaye Armando alikuwa ameuzwa kwa zaidi ya yuro milioni 1.2. Wananunuliwa ili wazalishwe. Maana yake ni kwamba mwenye fedha hununua damu ya mabingwa, ilhali mwenzake hutegemea bahati ya banda lake.

Udanganyifu nao ukafuata. Mwaka 2013 maabara ya Afrika Kusini ilipima sampuli za njiwa wa Ubelgiji: sita zilikutwa na dawa, tano za kutuliza maumivu na moja kokeini. Mwaka 2017 wanaume wawili wa Shanghai waliwazoesha njiwa wao makazi mawili, moja mjini Shangqiu, mahali pa kuanzia, na jingine Shanghai. Siku ya mbio waliwachukua Shangqiu, wakawaficha ndani ya maboksi ya maziwa na kupanda nao treni ya mwendo kasi. Njiwa walifika mapema mno hata watu wakashtuka, na mahakama ikawapa wawili hao kifungo cha nje.

Anayesahaulika

Kuna mshindani ambaye hakuulizwa. Katika mbinu iitwayo ujane, dume hutenganishwa na mwenzake, akaonyeshwa tu kwa muda mfupi kabla ya kusafirishwa, ili hamu imrudishe mbio. Njiani kuna mwewe, dhoruba na kiu. Wengine hawarudi kabisa, na matokeo yanayobandikwa ukutani huwataja waliorudi tu.

Kwa hiyo jibu lina sehemu tatu. Hesabu ni ya haki, na mtu yeyote anaweza kuikagua kwa kalamu. Njia si ya haki, maana upepo, milima na maji havigawanywi sawa. Na soko halikusudiwi kuwa la haki.

Kijana wa Baraka au Fizi anayetaka kuujaribu mchezo huu na wenzake hahitaji yuro milioni. Anahitaji pete, umbali uliopimwa kwa uaminifu, saa ambayo wote wanaiamini, na mbio fupi zisizovuka maji mapana. Dau liwe dogo au lisiwepo kabisa. Njiwa hajui zawadi ni kiasi gani. Anachojua ni bati la kwao.