Kabla Kikundi Hakijanunua Tableti ya Kufundishia Kiingereza



Siku hizi katika mikutano ya vikundi kuna hoja moja inayorudi kila mara: watoto wetu wanashindwa na Kiingereza, basi tuchange tununue tableti au kompyuta, tuweke shuleni au kanisani. Nia hiyo ni njema kabisa. Lakini pesa ya kikundi si pesa ya kuchezea. Imetoka kwa mama aliyeuza mihogo na kwa kijana wa bodaboda aliyeshinda juani. Ikipotea, hata imani ya wanachama inapotea pamoja nayo. Kwa hivyo katika toleo hili tutaeleza vile vyombo hivi vinavyosaidia, vile vilivyojaribiwa katika sehemu zetu, na mahali kikundi kinaweza kuanzia.

SHIDA YENYEWE IKO WAPI?

Mtoto wa hapa Alupe anakua akiongea Kiteso nyumbani. Jirani yake pengine anaongea Kikhayo au Kisamia. Akienda sokoni anaokota Kiswahili. Kiingereza kwake ni lugha ya tatu, na wakati mwingine anakisikia darasani tu.

Mpango wa serikali ni kwamba madarasa matatu ya kwanza yanaweza kufundishwa kwa lugha ya mahali, kisha kuanzia la nne Kiingereza ndicho kinatumika kufundishia karibu masomo yote. Maana yake ni nini? Mtoto ambaye hajashika Kiingereza akifika darasa la nne hapotezi somo moja tu. Anapoteza hesabu, sayansi na kilimo pia, kwa sababu hasikii mwalimu anasema nini. Wazazi wanaweza kudhani ni mjinga, na sivyo.

Shida ya pili ni sauti. Kiswahili tunakisoma kama kilivyoandikwa, na Kiteso vilevile kwa sehemu kubwa. Kiingereza sivyo. Chukua maneno matatu: cough, though na through. Yote yanaishia na herufi zilezile nne, lakini kila moja lina mwisho wake wa sauti. Tena maneno ship na sheep, yaani meli na kondoo, wengi wetu tunayatamka sawasawa, na mwenye lugha anayatofautisha. Mambo haya mtu hawezi kuyashika kwa macho peke yake, lazima asikie. Hapo ndipo redio, simu na tableti zina faida ambayo kitabu hakina: zinatoa sauti, tena zinairudia mara kumi bila kuchoka.

YALIYOJARIBIWA KWETU

Wengi hawajui kwamba sehemu hii yetu imesomwa sana na wataalamu wa dunia juu ya mambo ya shule.

Mwaka 1996 shirika la Kikristo kutoka Uholanzi, ICS, lilianza kugawa vitabu vya shule katika wilaya za Busia na Teso za wakati huo. Shule 100 zilichaguliwa, na 25 zikapata vitabu kwanza, ili zilinganishwe na zile ambazo bado. Kila mtu alitarajia alama zitapanda. Wataalamu Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walipopima, waliona kwamba kwa wastani alama hazikupanda. Waliofaidika ni wale wanafunzi ambao tayari walikuwa mbele. Kwa nini? Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, na watoto wengi hawakuweza kuvisoma. Shirika hilohilo liligawa pia chati kubwa za kutundika ukutani, na hizo nazo hazikuinua alama. Huyo Kremer baadaye, mwaka 2019, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Hii haina maana kwamba vitabu ni vibaya. Maana yake ni kwamba kitu kilicho juu ya kiwango cha mtoto hakimfikii, hata kikiwa kipya na kizuri namna gani. Tableti iliyojaa masomo magumu ya Kiingereza ni kama kile kitabu, ila tu inahitaji chaji.

Linganisha na redio. Katika miaka ya 1980 Kenya ilijaribu kufundisha Kiingereza kwa redio katika shule za vijijini, darasa la kwanza hadi la tatu, kwa kipindi cha nusu saa. Mtangazaji hakuongea tu mpaka mwisho. Aliuliza swali, akanyamaza kidogo, watoto wakajibu kwa sauti, naye akatoa jibu sahihi. Waliimba, walisimama, walishika kitabu walipoambiwa washike. Walipopimwa, watoto wa redio waliwapita wenzao katika kusikiliza na kusoma. Redio ilikuwa moja tu kwa darasa zima, lakini kila mtoto alifungua mdomo.

Jirani zetu wa Kisumu nao walijaribu vifaa vya kisasa kama mwaka 2013, katika mradi wa kusoma uliokuwa wa Wizara ya Elimu na wafadhili wa Marekani. Mahali pengine tableti ilipewa ofisa anayezunguka kusaidia walimu. Mahali pengine alipewa mwalimu, na mahali pengine kila mwanafunzi alipewa kifaa cha kusomea. Usomaji ulipanda kuliko shule ambazo hazikupata chochote. Lakini mradi uleule ukifanywa kwa vitabu, mafunzo na kutembelewa kwa mwalimu, bila kifaa kwa mtoto, matokeo yalikuwa karibu sawa na gharama ilikuwa chini. Ndiyo sababu mpango wa Tusome ulipoenea nchi nzima kuanzia 2015, kila mtoto alipata kitabu, na tableti wakapewa wale maofisa wanaowatembelea walimu darasani.

Serikali ilianza kugawa tableti za darasa la kwanza mwaka 2016. Kama ziko katika shule yenu, kikundi kiulize kwanza zinatumikaje kabla ya kununua nyingine. Pengine zinahitaji tu soketi, kabati na mtu.

Halafu mwaka 2020 shule zilifungwa katikati ya Machi kwa ajili ya korona, na wengi hawakurudi mpaka Januari 2021. Masomo yalipitia redio, televisheni na simu. Nyumba yenye redio na mtu mkubwa wa kukaa na mtoto ilikuwa na nafasi. Nyumba isiyo na mtu wa kukaa naye, hata simu ikiwepo, ilikuwa ya michezo ya simu tu.

Basi funzo ni moja. Chombo hakifundishi. Anayefundisha ni mtu anayekaa na watoto, akawafanya waongee. Chombo kinamsaidia huyo mtu, na asipokuwepo kinafungiwa stoo.

ANZENI NA MLICHO NACHO

Hakuna haja ya kungoja kompyuta. Simu moja ya kawaida yenye memori kadi, hata ile ya mulika mwizi ikiwa inaweza kucheza sauti, inatosha watoto 15 wakikaa karibu karibu. Mkiwa na spika ndogo ya kuchajiwa, ni vizuri zaidi.

Masomo mtayatoa wapi? BBC Learning English na LearnEnglish Kids ya British Council zina masomo mengi ya kusikiliza bila malipo. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi fupi za bure kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine nyingi za Afrika, na zinaweza kuchapishwa kwenye karatasi. Mtumeni kijana mmoja mahali penye intaneti, apakue mara moja, mtumie muhula mzima bila kununua bando kila siku.

Njia nyingine haina gharama kabisa. Mwombeni mwalimu anayesoma vizuri arekodi kwa simu hadithi zilezile zilizo katika vitabu vya watoto. Asome polepole, anyamaze kidogo kila baada ya sentensi. Hapo mtoto anasikia huku kidole kikifuata maneno katika kitabu chake.

KIPINDI CHA NUSU SAA

Kipindi kinaweza kwenda hivi:

Dakika 5 za kwanza, msimamizi anaeleza hadithi kwa Kiteso au Kiswahili. Msiogope jambo hili. Mtoto akijua habari inahusu nini, masikio yake yanafunguka.

Dakika 5, wanasikiliza hadithi yote kwa Kiingereza bila kukatizwa.

Dakika 10, wanasikiliza tena sentensi moja moja. Simu inasimamishwa, wote wanarudia, kisha mmoja mmoja. Akiulizwa "Where is the goat?" mtoto ajibu na pia aonyeshe kwa kidole.

Dakika 5, watoto wawili watatu wanarekodiwa, kisha wanajisikiliza. Hapa kuna kicheko kingi, lakini ndipo mtoto anapogundua mwenyewe kwamba ship na sheep amezitamka sawa. Asichekwe kwa ubaya. Mtoto aliyeaibishwa hafungui mdomo tena.

Dakika 5 za mwisho, wanaandika sentensi mbili.

Tena wagawanyeni kwa kiwango, si kwa umri wala darasa. Kuanzia 2005, shule 121 za Mkoa wa Magharibi wa wakati huo zilihusika katika utafiti wa kugawa darasa la kwanza sehemu mbili. Pale watoto walipogawanywa kufuatana na uwezo wao, wenye nguvu na wanyonge wote wawili walipanda, kwa sababu mwalimu aliweza kuanza pale mtoto alipo. Kwa hiyo mtoto wa la sita asiyejua kusoma aanze na hadithi ya la pili, na asione haya.

MASWALI YA KAMATI KABLA YA KUTOA PESA

Kama baada ya muhula mmoja kazi inaendelea vizuri, na mnaona kweli mnahitaji chombo kikubwa, kamati ijibu maswali haya na katibu ayaandike:

1. Nani atakaa na watoto, siku gani, saa ngapi? Andikeni majina mawili, ili mmoja akiugua kazi isisimame.

2. Chaji itatoka wapi? Kama hakuna stima, je, sola iliyopo inatosha?

3. Usiku kitalala kwa nani, na kikiibiwa au kikivunjika itakuwaje?

4. Pesa ya matengenezo iko wapi? Tuseme wanachama ni 20, kila mmoja akitoa shilingi 10 kwa wiki, kwa miezi mitatu zinapatikana kama shilingi 2,400. Mweka hazina aziweke kando, zisikopeshwe.

5. Masomo yaliyomo ni ya kiwango cha watoto wetu? Wasikilizeni watoto watano kabla ya kulipa.

6. Watoto watalindwaje? Chombo chenye intaneti kisiachiwe mtoto peke yake. Kwa kazi hii, masomo yaliyopakuliwa yanatosha.

Swali moja likikosa jibu, ngojeni. Muuzaji akisema bei itapanda kesho, mwambieni kikundi kinakutana wiki ijayo.

NA SISI WATU WAZIMA?

Njia hii inafaa wazazi pia, hasa wanaovusha biashara Busia na Malaba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu mwepesi kwa wafanyabiashara wadogo wenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, zikiwa zimetoka nchi wanachama na ziko katika orodha iliyokubaliwa. Cheti chake kifupi cha asili ya bidhaa kina maneno ya Kiingereza. Mama akishindwa kukisoma, anamtafuta wa kati, na huyo wa kati hafanyi bure. Chukueni nakala ya fomu hiyo, mwalimu arekodi kila neno na maana yake kwa Kiswahili, kila mtu awe nayo kwa simu. Hivyo hivyo kwa maagizo yaliyoandikwa kwenye dawa. Mtu mzima anajifunza haraka neno ambalo atalitumia kesho asubuhi.

Wapendwa, talanta iliyofukiwa chini haikumfaa bwana wala mtumishi. Kompyuta iliyofungiwa stoo ni hivyo hivyo. Afadhali simu moja inayozunguka kila Jumamosi mikononi mwa mtu mwaminifu. Jaribuni muhula mmoja, wekeni daftari la mahudhurio, pimeni watoto mwanzo na mwisho kwa kuwasomesha hadithi ileile, kisha mleteeni mhariri habari zenu, nzuri na mbaya, ili vikundi vingine vijifunze.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.