Kinshasa, Mji Usiojua Hesabu ya Watu Wake

Wengi hudhani ya kuwa Paris ndio mji wenye watu wengi kuliko yote ya Kifaransa. Siku hizi Kinshasa, mji mkuu wa Kongo, yasemekana umeupita, ingawa Kifaransa chake ni cha shule na ofisi. Sokoni watu husema Kilingala.

Hapo kale palikuwa na vijiji vya Wateke na Wahumbu, wauzaji wa pembe za ndovu. Mwaka 1881 H. M. Stanley alijenga kituo hapo, akakiita Leopoldville kwa jina la Mfalme wa Ubelgiji. Kutoka hapo meli hupanda mto maili zaidi ya 1,000 hata Kisangani. Lakini upande wa baharini maporomoko huziba njia, na mizigo ilichukuliwa vichwani mpaka reli ya Matadi ilipokwisha mwaka 1898. Vibarua wengi mno walikufa katika kazi ile.

Zamani za Wabelgiji Mwafrika hakuruhusiwa kukaa mjini bila kibali. Uhuru ulipopatikana mwaka 1960, wenyeji walikuwa kama 400,000. Kisha watu wakamiminika kutoka mashambani. Leo wakadiriwa kupita milioni 15. Wakadiriwa tu, maana Kongo haijahesabu watu wake tangu 1984. Na asiyejua idadi atapimaje mabomba na mitaro?

Nyumba zimepanda vilima vya mchanga, na mvua huchimba makorongo yanayozimeza. Desemba 2022 mvua ya usiku mmoja iliua watu zaidi ya 100.