Jembe Bora, Kinga ya Mkulima
Masika yanapokaribia, wakulima wa Terrat, kusini mwa Jiji la Arusha, huandaa majembe. Maandalizi hayo ni suala la afya pia. Mpini uwe wa mti mkavu usio na vibanzi, wenye urefu unaomwezesha mtumiaji kulima bila kuinama sana, ili kiuno kisiumie. Jembe likilegea, likazwe kwa kabari kabla ya kazi, kwani likichomoka hujeruhi. Makali yanolewe kwa tupa. Jembe butu huchosha mabega. Baada ya kazi lioshwe, likaushwe na kupakwa mafuta.

Wengi huamini kwamba kutu ndiyo huleta pepopunda. La hasha: bakteria wake huishi udongoni na kwenye samadi, hivyo hata jembe jipya likimkata mtu mguu laweza kumwambukiza. Dalili huanza, mara nyingi, kati ya siku 3 na 21, pengine kidonda kikiwa kimekwisha kufunga. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji safi na sabuni, kisha majeruhi afike kituo cha afya siku hiyohiyo. Mhudumu naye aulize kuhusu chanjo, hasa kwa wanaume, ambao hawaipati ile itolewayo kwa wajawazito.