Malori ya chuma ya watoto: Ufundi wa kuyafufua na hekima ya kuyaacha

Lori la chuma la kuchezea, kwa maana inayokusudiwa na wakusanyaji wa vitu vya kale, ni gari la mtoto lililotengenezwa kwa bamba la chuma, yaani chuma kilichobanwa kikawa bapa na chembamba, ambalo hukatwa na kukunjwa kwa mashine yenye shinikizo kubwa, vipande vyake vikaunganishwa kwa ribiti au kwa vilimi vidogo vya chuma vinavyopenyezwa kwenye matundu na kulazwa upande wa pili. Lori la namna hii halifanani na vigari vya kushika kiganjani, ambavyo hutengenezwa kwa kumimina madini yaliyoyeyuka ndani ya kalibu, kwa kuwa ni kubwa, zito, na lilikusudiwa kubeba mchanga na mawe halisi uwanjani. Chimbuko lake kuu ni Marekani, na anayetaka kulifufua leo hukabiliwa na swali ambalo ni gumu kuliko kazi yenyewe ya mikono: kipi kirudishwe katika hali yake ya mwanzo, na kipi kiachwe kama kilivyo?

Historia ya malori haya haiwezi kuelezwa bila kulitaja jina la Buddy L. Kampuni ya Moline Pressed Steel, iliyoanzishwa na Fred Lundahl mwaka 1910 katika mji wa East Moline, jimbo la Illinois, ilikuwa ikitengeneza sehemu za bodi kwa ajili ya magari na mitambo ya kilimo, ikiwemo ya kampuni ya International Harvester. Lundahl alimtengenezea mwanawe, Arthur, lori dogo kwa chuma kilekile cha kiwandani, na lori hilo lilipovutia watu wengine, kampuni ikaingia katika biashara ya vitu vya watoto mwaka 1921 kwa kutumia jina ambalo mtoto huyo alikuwa akiitwa mtaani. Kwa sababu chuma chake kilikuwa cha unene unaokaribia ule wa magari halisi, na urefu wa gari ulizidi nusu mita, malori ya awali ya Buddy L yaliweza kuhimili uzito wa mtu mzima, na ndiyo maana mengi yameokoka hadi leo ingawa yamepita mikononi mwa vizazi kadhaa vya watoto.

Jina la pili ni Tonka, ambalo lilianza kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1946, katika jengo la zamani la shule kwenye mji wa Mound, kando ya Ziwa Minnetonka jimboni Minnesota, ilianzishwa kampuni ya Mound Metalcraft kwa lengo la kutengeneza zana za bustani. Mwaka uliofuata waanzilishi wake walichukua michoro ya vitu vya watoto kutoka kampuni nyingine, wakatengeneza mtambo wa kuchimbua udongo na winchi, na vitu hivyo vikauzwa kwa wingi kiasi kwamba zana za bustani zilisahaulika. Jina Tonka lilitokana na neno la lugha ya Wadakota lenye maana ya kubwa, ambalo limo pia katika jina la ziwa lenyewe, na mwaka 1955 kampuni nzima ikaitwa Tonka Toys. Tipa kubwa la manjano lililotolewa katikati ya miaka ya 1960 ndilo lililoeneza sifa zake zaidi, na mwaka 2001 malori ya Tonka yaliingizwa katika orodha ya heshima ya taifa ya vitu vya kuchezea nchini Marekani.

Maelezo haya ya viwanda yana manufaa ya moja kwa moja kwa mkusanyaji, kwa sababu umri wa lori husomwa katika alama zake. Stika ya maji, yaani picha nyembamba ya rangi inayolowanishwa kisha ikatelezeshwa na kuganda juu ya bati, ikiwa na jina la Mound Metalcraft, huashiria kazi iliyofanywa kabla ya badiliko la jina la 1955. Umbo la magurudumu, aina ya mpira wa matairi, mpangilio wa taa za mbele na hata ukolevu wa rangi huweza kutenganisha toleo la mwaka mmoja na la mwaka unaofuata. Kwa hiyo kila safu ya rangi ni ushahidi, na anayeikwangua bila kuichunguza huwa ameharibu kumbukumbu ambayo haikuandikwa mahali pengine popote.

Hapa ndipo inapofaa kutofautisha kazi tatu ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni usafishaji, ambao huondoa vumbi, mafuta na uchafu kwa maji ya vuguvugu, sabuni laini na kitambaa, bila kugusa rangi. Ya pili ni ukarabati, ambao hurudisha kilichovunjika au kupotea, kama vile gurudumu au ngazi ya gari la zimamoto, huku sehemu nyingine zote zikiachwa. Ya tatu ni ufufuaji kamili, ambapo rangi yote huondolewa na lori hujengwa upya kuanzia chuma kitupu. Kadiri kazi inavyosogea kutoka ya kwanza kwenda ya tatu, ndivyo uwezekano wa kurudi nyuma unavyopungua, na ndiyo maana lori lenye rangi yake ya kiwandani, hata likiwa na mikwaruzo, kwa kawaida huthaminiwa kuliko lililopakwa upya na kung'aa.

Lori linalostahili ufufuaji kamili ni lile ambalo kutu imekula rangi yake, au ambalo limekwisha kupakwa rangi ya nyumbani. Kazi huanza kwa kupiga picha za kila upande na kupima mahali pa stika, kisha vilimi huinuliwa polepole kwa koleo, kwa kuwa chuma kilichokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hukatika. Kabla ya kusugua chochote, fundi anapaswa kukumbuka kwamba rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa ubongo wa mtoto, na ambayo Marekani iliyapiga marufuku katika rangi za majumbani na za vitu vya watoto mwaka 1978 tu. Msasa mkavu hutoa vumbi linalovutwa puani, hivyo rangi hulainishwa kwa dawa ya kuondolea rangi na kukwanguliwa ikiwa mbichi, fundi akiwa amevaa barakoa na glavu, na watoto wakiwa mbali.

Kutu iliyobaki huweza kuondolewa kwa umeme. Ndoo ya plastiki hujazwa maji yaliyochanganywa na magadi ya kufulia, kiasi cha kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita nne, kisha lori huunganishwa na ncha hasi ya chaja ya betri ya volti 12, huku kipande cha chuma chakavu kikiunganishwa na ncha chanya na kutumbukizwa bila kuligusa lori. Umeme unapopita, mapovu huibuka juu ya lori, kutu hulegea, na baada ya saa kadhaa hubaki tabaka jeusi linalotoka kwa brashi. Chuma kisichoshika kutu kisitumike kamwe upande wa chanya, kwa sababu hutoa mchanganyiko wa kromiamu wenye sumu kali, na kazi yote ifanyike nje, mbali na moto, kwa kuwa mapovu hayo ni gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Chuma kilichosafishwa hukaushwa na kupakwa praima mara moja, vinginevyo kutu mpya hujitokeza katika muda wa saa chache.

Baada ya hapo fundi hunyoosha mibonyeo kwa nyundo ndogo na kizuizi cha chuma, kama afanyavyo fundi wa bodi gereji, kisha hupuliza rangi kwa tabaka nyembamba zinazoachwa zikauke moja baada ya nyingine. Njia ya kuondoa kutu kwa umeme haifai kwa vigari vya kalibu, kama vile Dinky Toys vilivyotengenezwa na kampuni ya Meccano ya Liverpool, Uingereza, kwa sababu aloi yake ya zinki huliwa na mchakato huo. Vingi vya kabla ya Vita Kuu ya Pili vina maradhi mengine yasiyo na tiba: zinki iliyochanganyika na risasi kidogo huvimba, hupasuka na hatimaye kusagika, na njia pekee ya kuchelewesha hali hiyo ni kuvihifadhi mahali pakavu pasipo na mabadiliko makali ya joto.

Sehemu mpya zilizoigwa kutoka za asili, kuanzia matairi hadi stika, zinauzwa leo kwa ajili ya mafundi, na hakuna ubaya kuzitumia mradi mwenye lori aseme wazi ni zipi mpya na ni zipi za asili. Lori lililofufuliwa na kuuzwa kama ambalo halijaguswa ni udanganyifu, na huharibu uaminifu ambao ukusanyaji wote unautegemea. Fundi bora hutambuliwa kwa kuacha picha za kabla na baada, kwa kuandika alichobadilisha, na kwa kukubali kwamba malori mengi yanahitaji sabuni na kitambaa tu. Mwenye lori la chuma la zamani nyumbani alisafishe kwanza, alichunguze, na aulize wanaojua kabla ya kushika msasa, kwa sababu kutu inaweza kutolewa wakati wowote, lakini rangi ya kiwandani ikishaondolewa hairudi.