Kuendeleza Majina Redioni

Kitenzi *endeleza*, pamoja na maana zake nyingine, humaanisha kutaja herufi za neno moja baada ya nyingine. Ana kwa ana, kazi hiyo ni nyepesi. Redioni huwa ngumu. Herufi be, de, ge, pe, te na ve zote huishia kwa irabu e, na konsonanti inayozitofautisha ndiyo humezwa kwanza na kelele. Isitoshe, msemaji akitaja “i” ya Kiswahili, aliyezoea Kiingereza huandika E.

Kwa hiyo watumiaji wa redio za ridhaa hutumia alfabeti ya kimataifa, ile iliyoanza kutumika katika usafiri wa anga mwaka 1956, ambamo kila herufi huwakilishwa na neno zima. *Ngara* huendelezwa: November, Golf, Alfa, Romeo, Alfa. *Biharamulo* huendelezwa: Bravo, India, Hotel, Alfa, Romeo, Alfa, Mike, Uniform, Lima, Oscar. Romeo na Lima huondoa utata wa r na l, sauti ambazo baadhi ya wasemaji huzibadilishana.

Wilayani Ngara, inayopakana na Rwanda na Burundi, herufi moja huweza kubadilisha nchi. Alama za mwito za Tanzania huanza kwa 5H au 5I; za Rwanda huanza kwa 9X, na za Burundi kwa 9U. Asemaye Xray hawezi kudhaniwa amesema Uniform.

Majina ya watu yana uzito zaidi. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa takriban siku moja. Pale jamaa wanapotawanyika kwa wingi huo, jina lililokosewa herufi moja laweza kumficha mtu kwa ndugu wanaomtafuta.

Angalizo kwa wafasiri. Maneno ya alfabeti hii hayatafsiriwi: India haigeuzwi kuwa Bara Hindi. Alfa huandikwa kwa f, na Juliett kwa t mbili, ili wasemaji wa lugha mbalimbali wayatamke ipasavyo.

Angalizo kwa walimu. Alfabeti hii haina neno la ritifaa. Ni vema itajwe kwa jina lake baada ya Golf. Bila hivyo *ng'ara*, yaani kutoa nuru, itaandikwa *Ngara*.