Kabla fundi hajafuta Windows ya zamani, jua daftari lako liko chumba gani

Mwenye duka la jumla mpakani anampelekea fundi kompyuta asubuhi. Mashine imekuwa nzito, tena kila ikiwashwa inaonya kuwa Windows 10 imepitwa na wakati. Jioni anarudishiwa ikiwa nyepesi kama mpya. Anafungua folda ya ankara, hamna kitu. Anatafuta orodha ya wateja wa ng'ambo ya mpaka wanaodaiwa, nayo haipo. Anampigia fundi simu, na jibu ni fupi: "Bosi, si uliniambia nifute ya zamani?"

Hivyo ndivyo kumbukumbu za biashara zinavyopotea: hakuna mwizi wala kirusi, ni agizo moja lililoeleweka vibaya. Na maagizo ya namna hiyo ni mengi siku hizi, kwa sababu Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta haizimiki kwa sababu hiyo, lakini isipopata masasisho ya usalama inazidi kuwa hatari kwa mtu anayelipa kodi na kutuma hati za forodha mtandaoni.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani hasara haiishii kwenye picha za harusi. Sheria za kodi za Kenya, Uganda na Tanzania zinataka kumbukumbu za biashara zitunzwe kwa miaka isiyopungua 5. Ofisa akiuliza ankara ya mzigo wa miaka mitatu iliyopita, "kompyuta ilifutwa" si jibu. Na mteja aliye nchi nyingine akikana deni, bila karatasi unabaki na maneno matupu.

Stoo moja, vyumba kadhaa

Diski ya kompyuta ni kama stoo. Unaweza kuiacha wazi, au ukaigawa kwa kuta ukapata vyumba. Vyumba hivyo mafundi huviita patisheni. Kwa kawaida Windows hukaa kwenye C, na wengi hutengewa D kwa ajili ya mafaili. Pamoja na hivyo kuna vyumba vidogo usivyoviona: kimoja, mara nyingi cha megabaiti 100 hivi, hubeba maelekezo ya kuiwasha mashine, na kingine ni cha kuirekebisha ikiharibika.

Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba fundi anaweza kubomoa C na kuweka mfumo mpya bila kugusa D. Lakini uzuri huo una mitego.

Mtego wa kwanza: wakati wa kuweka Windows upya, ile orodha ya vyumba haionyeshi herufi C na D ulizozizoea. Inaonyesha namba na ukubwa tu, na jina kama chumba kilipewa jina. Vyumba viwili vyenye ukubwa unaokaribiana vinachanganywa kirahisi. Kwa hiyo, kabla ya kazi, ipe D jina lisilo na utata, kwa mfano BIASHARA, kisha andika kwenye karatasi ukubwa wa kila chumba na umkabidhi fundi.

Mtego wa pili: usidhani kila kitu kiko D. Mafaili uliyoyaacha kwenye uso wa kompyuta, yaliyopakuliwa kutoka barua pepe na yaliyo kwenye folda ya Documents, kwa kawaida yanakaa C. Programu nyingi za hesabu na za mauzo nazo huficha data zake humo humo. Usinakili folda ya programu ukadhani umemaliza. Tumia sehemu ya programu yenyewe ya kutoa nakala ya akiba.

Mtego wa tatu huwakuta wenye mashine za zamani. Fundi anaweka Windows 11, kompyuta inagoma na kusema diski imepangwa kwa mtindo wa MBR ilhali inatakiwa GPT. Hiyo ni mitindo miwili ya kuorodhesha vyumba: MBR ni ya zamani na inaruhusu vyumba vikuu vinne tu, GPT ndiyo mpya. Njia ya mkato ni kufuta diski nzima, na D inakwenda pamoja nayo. Muulize fundi kwanza kuhusu MBR2GPT, zana iliyomo ndani ya Windows 10 kuanzia toleo la 1703. Inabadili mtindo bila kufuta mafaili, ilimradi vyumba vikuu visizidi vitatu.

D si nakala ya akiba

Wapo wanaonakili mafaili kutoka C kwenda D na kulala usingizi. Hivyo ni vyumba viwili chini ya paa moja. Diski ikifa, au kompyuta ikiibwa kwenye basi, vyote vinakwenda. Nakala ya akiba ni ile iliyo nje ya mashine: kwenye diski ya nje, na nyingine mtandaoni au nyumbani. Baada ya kunakili, fungua mafaili kadhaa kwenye kompyuta nyingine uone kama yanasomeka. Kisha ichomoe ile diski ya nje kabla kazi haijaanza, isije ikafutwa yenyewe kwa bahati mbaya.

Angalia pia kama diski yako imefungwa kwa BitLocker. Kompyuta nyingi za karibuni huja nayo ikiwa imewashwa. Ufunguo wake wa dharura una tarakimu 48, na bila huo hata D iliyobaki salama inaweza kukataa kufunguka.

Kama mashine inakubali Windows 11, yaani ina chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM isiyopungua gigabaiti 4 na mahitaji mengine, pandisha toleo juu ya lile lililopo. Ukichagua kubakiza mafaili, njia hiyo haihitaji kubomoa vyumba. Ikiikataa, Linux kama Ubuntu au Mint ni njia nyingine, ila hakikisha kwanza kama programu yako ya hesabu inafanya kazi humo. Na jihadhari na chaguo la kufuta diski nzima: halibagui C na D.

Likishatokea

Ukigundua chumba kimefutwa kisicho chenyewe, zima kompyuta papo hapo. Usiweke programu, usinakili chochote. Kufuta patisheni mara nyingi ni kama kubandua kibao mlangoni. Mzigo bado umo ndani mpaka uwekwe mwingine juu yake. Zana kama TestDisk, inayopatikana bure, inaweza kukirudisha kile kibao. Kwa diski za SSD nafasi ni finyu zaidi, kwani huweza kusafisha zenyewe sehemu zilizotangazwa kuwa tupu.

Kwa hiyo unapofika kwa fundi, usiseme "futa ya zamani". Sema: "Ondoa Windows iliyo C, usiguse BIASHARA, na kabla ya kufuta chochote nionyeshe." Kaa naye mpaka skrini ile ya vyumba ipite, hazizidi dakika chache. Windows utaipata tena upande wowote wa mpaka, lakini orodha ya wanaokudai na unaowadai unayo wewe peke yako.