KUTOKA MASHAMBA YA CHAI KWENDA NAIROBI: ULIZA NJIA KABLA YA KULIPA NYUMBA

Mtu aliyelelewa katika mashamba ya chai ya Kericho au Bomet hakufundishwa na yeyote namna ya kwenda kazini, kwa kuwa hapakuwa na haja. Tangu makampuni makubwa yalipoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, desturi ilikuwa mfanyakazi apewe kazi na nyumba pamoja. Kambi ilijengwa kando ya shamba. Mchumaji huamka, hunywa chai yake, hujifunga aproni ya plastiki kiunoni, naye yumo kazini kabla umande haujakauka. Hata mkulima mwenye ekari yake moja huko Litein au Silibwet, safari yake ni ile ya kupeleka majani kwenye banda la kupimia, na safari hiyo huifanya kwa miguu yake mwenyewe.

Basi mtu kama huyu akipata kazi Nairobi, swali analouliza ni moja: “Nyumba ni shilingi ngapi?” Ni swali jema, walakini ni nusu tu ya swali. Nusu ya pili ni hii: “Kutoka nyumba hiyo mpaka kazini ni nauli kiasi gani, na ni saa ngapi?” Asiyeuliza nusu hiyo ya pili atalijibu swali mwenyewe kila asubuhi, amesimama gizani kwenye steji.

Tunaandika habari hizi kwa sababu watu wengi wa sehemu hizo wanatafuta kazi mbali na chai. Mashine za kuchuma majani zimeingia mashambani na kuchukua kazi za mikono mingi. Uchungu wa jambo hilo ulionekana wazi mwezi wa Mei mwaka 2023, watu wa Kericho walipozichoma moto baadhi ya mashine hizo. Wako wanaoondoka na fedha walizolipwa mwisho wa kazi, na fedha hizo ndizo mtaji wao wote. Kuchagua vibaya mahali pa kukaa kwaweza kuzila zote katika miezi michache, na mwenyewe asijue zimekwenda wapi.

HESABU YA KIJANA WA LITEIN

Tuchukue mfano. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo hesabu hizi ni za kuonyesha njia tu. Tuseme kijana wa Litein amepata kazi katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Anaonyeshwa chumba pembeni kabisa mwa mji, kodi shilingi 5,000 kwa mwezi. Anaonyeshwa na kingine karibu na kiwanda, kidogo zaidi, kodi shilingi 9,000. Anachagua cha kwanza, na kuwapigia simu wazazi wake kuwaambia kwamba amepata nyumba rahisi.

Sasa tazama. Kutoka chumba kile hupanda matatu mbili: ya kwanza shilingi 80 mpaka katikati ya mji, ya pili shilingi 50 mpaka kazini. Jioni ni vivyo hivyo. Hizo ni shilingi 260 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni shilingi 6,760. Ongeza kodi, jumla ni shilingi 11,760. Chumba cha shilingi 9,000, ambacho angalitembea kwa miguu nusu saa mpaka kazini, kingalimgharimu shilingi 2,760 pungufu kila mwezi. Nyumba rahisi ndiyo iliyokuwa ghali.

Tena hatujahesabu saa. Akitumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, hizo ni saa 104 kwa mwezi. Ni sawa na siku 13 za kazi za saa nane, ambazo hakuna tajiri anayemlipa. Mtu anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku hawaoni watoto wake ila wamelala.

Wala si aibu kutembea. Uchunguzi uliofanywa Nairobi kwa nyakati mbalimbali umeonyesha kwamba si chini ya safari 4 katika kila 10 za mji huo hufanywa kwa miguu. Ukisimama kando ya njia za Industrial Area mapema asubuhi utaona msafara wa watu wakitoka Mukuru, wanaume kwa wanawake, wakitembea upesi kama wachumaji wanaoliwahi gari la majani.

MJI ULIVYOUMBWA

Kwa nini kuwe na matatu mbili? Ni kwa sababu ya umbo la mji wenyewe. Nairobi ulianza mwaka 1899 kuwa kituo cha reli, na barabara zake kubwa hutoka katikati kwenda nje kama spoki za gurudumu la baiskeli. Upande wa magharibi iko Waiyaki Way. Kusini-magharibi ziko Ngong Road na Lang'ata Road. Kusini-mashariki iko Mombasa Road. Mashariki Jogoo Road. Kaskazini-mashariki Thika Road. Matatu nyingi hufuata spoki moja kutoka nje mpaka kitovuni, na hapo hushusha watu wote. Kazi yako ikiwa kwenye spoki nyingine, sharti ushuke, ukate mji kwa miguu kutafuta steji ya pili, na kulipa upya. Ziko barabara za kuzunguka, kama Outer Ring Road na zile za pembeni ziitwazo baipasi, nazo husaidia, lakini mgeni na aanze kwa kuuliza, “Kazi yangu iko kwenye spoki gani?” kisha atafute nyumba kwenye spoki hiyo hiyo, au karibu na barabara ya kuzunguka inayoikata.

Hapo zamani mambo hayakuwa hivi. Mwaka 1948 Nairobi ulikuwa na watu wapatao 119,000. Reli iliwajengea wafanyakazi wake nyumba Muthurwa na Makongeni, na halmashauri ya mji ikajenga Kaloleni na mitaa mingine ya upande ule, ambako mtu aliweza kufika kazini kwa miguu au kwa baiskeli. Mzee wa Kericho angaliitambua desturi hiyo mara moja, maana ni ile ile ya kambi ya chai: kazi hapa, kitanda pale. Mabasi yalikuwako tangu mwaka 1934, lakini hayakuweza kuwatosha watu waliozidi kuongezeka; ndipo zikaja matatu, na mwaka 1973 Rais Kenyatta akaziruhusu kuchukua abiria. Zilipata jina kwa senti thelathini zilizokuwa nauli yake. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta Nairobi watu 4,397,073, mbali na wale wengi walalao Kajiado, Kiambu na Machakos na kuingia mjini kila asubuhi.

Hapa kuna kosa ambalo watu wetu wa chai huweza kulifanya kwa urahisi kuliko wengine. Njia zote mbili za kutoka kwetu, ile ya Kericho kupitia Nakuru na ile ya Bomet kupitia Narok na Mai Mahiu, huingia Nairobi kwa upande mmoja, yaani magharibi. Mgeni hupita Kikuyu, Kinoo, Uthiru na Kangemi kabla ya kuuona mji. Hewa ya huko ni ya baridi kidogo, udongo ni mwekundu, moyo wake unatulia, na gari la kwenda nyumbani hupita mlangoni. Basi hukaa hapo. Kama kazi yake ni Westlands au Kangemi, amefanya vyema. Lakini kama kazi ni Embakasi au Industrial Area, amejifunga kuukata mji mzima mara mbili kila siku, ili awe karibu na gari analolipanda mara tatu au nne kwa mwaka.

Ongata Rongai nayo hupendwa kwa nafasi yake na nyumba zake. Walakini mji huo hutegemea Magadi Road, na barabara hiyo ikiziba hakuna mlango wa pili wenye faida. Anayefanya kazi Lang'ata au Karen aweza kukaa Rongai bila majuto. Kitengela huwafaa sana wanaofanya kazi katika viwanda vya EPZ huko Athi River. Anayefanya kazi Westlands na kulala Kitengela ni mtu mwenye subira kuliko mwandishi huyu. Barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, isimdanganye mgeni: wanaopita juu hulipia, na matatu nyingi hubaki chini kwenye msongamano. Upande wa Thika Road, yaani Roysambu, Zimmerman, Githurai, Kahawa na Ruiru, barabara ni pana na magari ni mengi, ila watu nao ni wengi.

Iko pia treni. Syokimau ilipata stesheni yake mwaka 2012, na treni nyingine huenda Ruiru, Embakasi na Kikuyu. Treni haijui msongamano wa magari, na nauli yake haipandi kwa sababu ya mvua. Lakini ina saa zake, ikikuacha imekuacha.

PANDA GARI KWANZA

Tumetaja mvua, na jambo hili lamstahili mtu wa Kericho, ambaye kwake mvua ni kitu cha kila siku. Nauli za matatu hazipangwi na serikali. Mvua ikinyesha Nairobi jioni, kondakta hutangaza bei nyingine, na abiria aliyebeba nauli kamili hubaki steji. Kwa hiyo anayepanga matumizi yake asihesabu nauli ya saa nne asubuhi, wakati magari ni matupu. Ahesabu nauli ya saa kumi na mbili asubuhi na ya saa kumi na mbili jioni, kisha aongeze kidogo kwa siku za mvua.

Njia bora ya kujua ni kujaribu. Kabla hujalipa kodi ya mwezi na ile amana ambayo wenye nyumba huiita dipoziti, nenda usiku uliotangulia ukalale kwa jamaa aliye karibu na mtaa ule, kisha siku ya Jumatatu alfajiri toka kana kwamba unakwenda kazini. Andika saa uliyofika steji, saa uliyopata gari, saa uliyofika, na fedha ulizotoa. Jioni rudi kwa njia ile ile, uandike tena. Ukifika, tembea kutoka steji mpaka mlangoni gizani, utazame kama taa ziko na watu wangali wanapita. Jambo hili lawahusu zaidi akina dada wanaofanya kazi za zamu ya usiku. Karatasi hiyo moja itakuambia mengi kuliko wakala yeyote. Na wakala akitaka fedha kabla hujauona mlango na kusema na msimamizi wa ploti na jirani mmoja, mwache aende zake.

Ukiwa hapo, uliza maji. Mtaa mwingi wa Nairobi hupata maji kwa zamu za siku fulani tu, na zamu zikipita watu hununua kwa mtungi wa lita 20; gharama hiyo nayo ni sehemu ya kodi. Angalia mto uko wapi. Katika mafuriko ya mwaka 2024 watu walifariki na nyumba zikachukuliwa na maji Mathare na Mukuru, na serikali iliamuru waliojenga karibu na mito wahame. Mwezi wa Aprili 2016 jengo la ghorofa lililosimama kando ya mto huko Huruma lilianguka katika mvua kubwa, na watu zaidi ya 40 wakafa. Chumba cha bei ndogo ukingoni mwa mto si cha bei ndogo.

Watu wengi huchagua mtaa kwa sababu ndugu zao wako hapo, na hatuwalaumu. Mtu akiugua, akifiwa, au mshahara ukichelewa, msaada hutoka kwa watu wa nyumbani, na kanisa ambalo mtu husali kwa Kikipsigis siku ya Jumapili humpunguzia upweke wa siku sita. Lakini ndugu hutembelewa Jumapili, na kazini huendwa siku zote nyingine. Anayeweza na akae kwa ndugu mwezi wa kwanza, achangie chakula na stima, na muda huo autumie kutafuta nyumba iliyo kwenye spoki ya kazi yake.

Wala usihamishe vyombo vyote mara moja. Godoro, sufuria mbili, jiko dogo na blanketi zatosha kwa miezi mitatu ya kwanza. Kitanda, kabati na viti vikae Kericho au Bomet kwanza, kwa maana aliye na godoro peke yake, akiona njia imemshinda, atahama mwisho wa mwezi kwa mkokoteni mmoja.